Mwale wa Kondoa

Habari za mlima zilimfikia Tusekile Mwaipopo akiwa anamenya chungwa. Alikuwa mpangasafari wa zamu ya mchana katika kituo cha uendeshaji cha Shirika la Ndege la Nyanda, Dodoma, na mpaka wakati huo siku ilikuwa imekwenda vizuri kiasi cha kumfanya akumbuke njaa. Kisha picha ya setilaiti ikabadilika kwenye kioo chake kikubwa cha ukutani. Upande wa kaskazini, juu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, palikuwa na doa la kijivu. Alipomeza kipande cha kwanza doa lilikuwa limeshakuwa wingu.

Akaliweka chungwa kando, akafuta mikono kwenye suruali, akavaa vipokea sauti.

Mpangasafari si rubani, wala si yule anayeongoza ndege kutoka mnarani. Kazi yake hufanyika kabla ndege haijawasha injini: apitie njia, upepo, hali ya hewa, uzito wa abiria na mizigo, kiwanja cha kufikia na kiwanja cha kukimbilia iwapo kile cha kwanza kitafungwa. Akimaliza huweka sahihi. Kapteni naye husoma, huuliza, huweka yake. Bila sahihi hizo mbili hakuna ndege inayoruka, na zikishawekwa, wote wawili wanaijibia ndege hiyo mpaka magurudumu yake yaguse ardhi. Sheria hiyo ni ya zamani kuliko ndege za umeme, na ni miongoni mwa chache ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa.

Iliyoguswa ni sheria ya akiba.

Zamani kila ndege ilibeba akiba yake. Nguvu ya kuifikisha inakokwenda, nguvu ya kuipeleka kwenye kiwanja cha pili, na juu ya hapo nusu saa nyingine ambayo haikutakiwa kuguswa ila kwa dharura. Ndege za betri zilipoingia, nusu saa hiyo ikawa mzigo mzito wa kutisha. Ndipo ikajengwa minara. Mnara ukisimama kilimani huielekezea ndege mwale wa nishati, betri zikajaa hukohuko angani. Basi kwa nini kila mmoja abebe akiba yake, wakati akiba inaweza kukaa ardhini na kutumiwa na yeyote anayeihitaji? Mfumo huo ukaitwa Akiba ya Pamoja. Mtambo unaogawa miale ukaitwa Msawazo. Ndege zikawa nyepesi, zikabeba watu wengi zaidi, na viwanja vidogo vya njiani, vile vya kukimbilia, vikaachwa vikaota vichaka. Mnara wa Kondoa wenyewe ulisimikwa juu ya kiwanja cha zamani cha Kondoa. Kwa miaka sita hakuna mtu aliyepata hata mchubuko.

"Nyanda Sabini, hapa Dodoma," Tusekile alisema. "Kiwanja cha Kilimanjaro kinafungwa kwa majivu. Geuka kusini, uje kwetu."

"Nimepata, Dodoma." Sauti ilikuwa ya Kapteni Sitta Luhende, mzee wa marubani wa Nyanda, anayeongea kana kwamba yuko kibarazani kwake. Alikuwa ametoka Kigali na abiria mia moja sitini na wanne. "Naliona wingu lako kwa macho. Limekaa vibaya."

Ndege ya pili ilikuwa ndogo. Nyanda Nane ilikuwa imetoka Haydom kwenda Arusha na wauguzi wanane waliomaliza kampeni ya chanjo, chini ya Kapteni Paulina Gidamis. Haydom nyuma yake ilikuwa tayari inanyeshewa majivu. Babati vilevile. Naye akageuzwa kuja Dodoma.

Ndege zote mbili zilikuwa zimepangwa kunyweshwa na mnara wa Mbulu, kisha wa Kondoa. Tusekile alikuwa anaandika kimo kipya cha Paulina pale alama ya Mbulu ilipogeuka nyekundu. Majivu yalikuwa yametanda juu ya vioo vya mnara, na mnara wenye vioo vichafu hujizima wenyewe usije ukaunguza kisichostahili.

Ukabaki Kondoa peke yake. Mnara mmoja, mwale mmoja, na mbele ya ndege zote mbili upepo mkali ambao asubuhi haukuwepo.

Msawazo haukuchukua muda. Maandishi yakajitokeza kwenye kioo, kwa herufi zilezile ulizotumia kutangaza mabadiliko ya mlango wa kupandia ndege:

*Mwale wa Kondoa: Nyanda Sabini, mfululizo hadi Dodoma. Nyanda Nane: itatua kwa dharura porini, kaskazini ya Kondoa. Makadirio ya watakaonusurika: wanne kati ya tisa. Kifungu cha ukimya kinatumika.*

*

Bi Zamaradi Kitwana, mkuu wa uendeshaji, alikuwa ameshafika nyuma ya kiti chake. Mwanamke wa Tanga, mwembamba, mwenye ushungi wa kijani siku zote, aliyeanza kazi hii enzi za mafuta. Alisoma kioo mara moja tu.

"Umeona," alisema.

"Nimeona, Bi Zamaradi. Nane hajui."

"Hatakiwi kujua. Bado."

Kifungu cha ukimya kiliandikwa katika mwaka wa kwanza wa minara. Sheria ilisema rubani yeyote anayetangaza dharura ndiye mwenye mwale, na wa kwanza kutangaza ndiye wa kwanza kupewa. Hata Msawazo hauna uwezo wa kumnyima. Katika mazoezi, marubani wawili walipoambiwa kwamba mwale hauwatoshi, wote walitangaza kwa pamoja, mwale ukakatwa vipande, na zote mbili zikaanguka. Mazoezi yakarudiwa mara nyingi, na mara nyingi ikawa hivyohivyo. Kwa hiyo ikaamuliwa: atakayekosa asiambiwe mpaka awe chini kiasi kwamba mwale hauwezi tena kumfaa. Hapo ndipo ataonyeshwa pa kuangukia.

"Anakuja huku akidhani mnara unamsubiri," Tusekile alisema. "Hatafuti hata pa kutua. Akijua sasa hivi anaweza kuchagua sehemu iliyo afadhali."

"Akijua sasa hivi atatangaza dharura. Wewe ungekuwa yeye usingetangaza?"

Tusekile aliitazama alama ya Nane ikisogea kwenye kioo.

"Ukimpa mwale, Luhende hafiki. Watu mia moja sitini na wanne." Bi Zamaradi aliinama, akasema kwa sauti ya chini. "Mwanangu, mimi nilikuwemo kwenye chumba kilichoandika kifungu hiki. Sikukiandika kwa furaha. Lakini nilikubali, kwa sababu sikuona njia nyingine, na mpaka leo sijaiona."

"Mimi pia siioni," Tusekile alisema.

Huo ulikuwa ukweli. Hakuwa na mpango mfukoni. Alijua mambo mawili tu. La kwanza, kwamba asubuhi ile Paulina alimuuliza kuhusu mnara wa Kondoa, naye akamwambia utakuwepo, na Paulina akaweka sahihi kwa neno hilo. La pili, kwamba huenda akifungua mdomo atawaua watu wengi kuliko wale ambao ukimya ungewaua. Aliyatazama yote mawili. Mikono yake ilikuwa na harufu ya chungwa bado.

"Nitawaambia wote wawili," alisema. "Kwa pamoja, kwenye laini moja, kila mmoja amsikie mwenzake."

"Tusekile."

"Kwenye mazoezi kila rubani aliwekwa chumba chake. Aliambiwa na mtambo. Hakumsikia mwenzake hata mara moja. Sijui kama inabadilisha kitu, Bi Zamaradi. Labda haibadilishi. Lakini sahihi yangu iko kwenye ndege zote mbili, na siwezi kukaa hapa namsikiliza Paulina akiniambia ahsante."

Juu ya meza, upande wa kulia, palikuwa na swichi ya manjano. Mkuu wa uendeshaji alikuwa na haki ya kukata mawasiliano ya mpangasafari yeyote anayevunja kifungu. Bi Zamaradi aliweka kidole juu yake. Tusekile alikiona kidole kile, akageuka akatazama mbele, akabonyeza laini zote mbili.

"Nyanda Sabini, Nyanda Nane, hapa ni Dodoma. Nawaunganisha. Mbulu umezimika. Kondoa ni mmoja na hauwatoshi. Msawazo umempa Sabini. Kwa mpango uliopo, Nane hafiki Dodoma. Sina mpango mwingine. Nawaambia kwa sababu ndege ni zenu."

Alingoja swichi ilie. Haikulia.

*

Kwanza Tusekile alisikia injini za Paulina tu, zile ndogo, zinazovuma kama cherehani.

"Dodoma, Nane," Paulina alisema. "Rudia kuhusu mnara."

Tusekile akarudia.

"Sabini ana watu wangapi?"

"Mia moja sitini na wanne, na wahudumu."

Kama Paulina angetangaza, angetangaza sasa. Bi Zamaradi alikuwa amefumba macho.

"Nane, hapa Sabini," Luhende alisema. "Paulina, uko futi ngapi?"

"Elfu kumi na moja, Kapteni."

"Mimi niko elfu thelathini na saba. Usitangaze kitu. Nipe kidogo nifikiri."

"Sina cha kufanya zaidi ya kukupa, Kapteni."

Luhende alifikiri huku laini ikiwa wazi. Walimsikia akimuuliza msaidizi wake uzito, kisha upepo. Aliporudi, alikuwa na sauti ya mtu aliyepata alipoweka miwani yake.

"Dodoma, mimi nina kimo. Nikizima injini, dege hili halianguki kama jiwe, linateleza. Linaweza kuteleza robo saa, pengine zaidi. Muda huo sihitaji mwale. Je, robo saa ya Kondoa inamtosha Nane?"

Tusekile alishaanza kupiga hesabu kabla Luhende hajamaliza swali. Msawazo ulikuwa umekaa kimya. Haukuwa mjinga, ulikuwa umekatazwa. Hakuna sheria duniani inayouruhusu mtambo upange ndege iliyojaa abiria izime injini angani. Lakini sheria ileile, tangu zama za mafuta, inasema kapteni akiwa katika dharura anaweza kukiuka kanuni yoyote kwa kadiri usalama unavyohitaji, na uamuzi huo ni wake peke yake. Mtambo usingeweza kumwamuru. Usingeweza hata kumwomba. Na kwa kuwa haukumwomba, haukujua kwamba angekubali.

"Inamtosha akiruka polepole," alisema. "Kwa shida. Wewe utafika Dodoma betri zikiwa chini ya kiwango cha mwisho, Kapteni. Chini sana. Ukikosea kutua mara ya kwanza hakuna kuzunguka mara ya pili."

"Sijawahi kuzunguka mara ya pili tangu nioe. Mwale nauhamishaje?"

"Msawazo hautakubali kuuhamisha."

"Ukubali usikubali. Anayetangaza dharura ndiye mwenye mwale, sivyo?"

"Ndivyo."

"Imeandikwa popote kwamba lazima autumie yeye?"

Tusekile alimgeukia Bi Zamaradi. Bi Zamaradi alikuwa amefumbua macho. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeisoma upya barua aliyoiandika mwenyewe.

"Haijaandikwa," alisema, na kidole chake kikaondoka kwenye swichi.

"Haijaandikwa, Kapteni," Tusekile alisema.

"Basi sikilizeni. Nyanda Sabini natangaza dharura. Nauchukua mwale wa Kondoa, na naagiza apewe Nyanda Nane."

Kwenye kioo, alama ya Msawazo ilizunguka. Ilizunguka kwa muda mrefu ambao Tusekile hakupata kuuona tena maishani mwake. Kisha mstari mwembamba wa bluu uliokuwa ukitoka Kondoa kwenda juu kwa Sabini ukakatika, ukashuka, ukamgusa Nane.

"Unaingia," Paulina alisema. "Dodoma, nauona mwale unaingia." Kisha, kwa sauti tofauti: "Kapteni, Mungu akubariki."

"Abariki upepo kwanza," Luhende alijibu. "Nazima."

Alitangazia abiria wake mwenyewe, na kwa kuwa laini ilikuwa wazi, kituo kizima kilisikia. Aliwaambia kuna ndege nyingine chini yao yenye watu tisa, kwamba wao wana kimo na wale hawana, na kwa hiyo atazima injini kwa muda ili wenzao wapate umeme. Aliwaambia watasikia kimya na masikio yatauma. Aliwaomba wafunge mikanda. Hakuwauliza kama wanakubali, maana uamuzi haukuwa wao, lakini hakuwaficha. Baadaye wengi walisema kwamba hawakuogopa mpaka walipotua.

Bi Zamaradi alivuta kiti, akakaa upande wa pili wa meza, akavaa vipokea sauti vya akiba. "Mimi nitasafisha kiwanja," alisema. "Wewe kaa nao." Dakika ile ile akaanza kuita: ndege zote zilizokuwa zikisubiri kuruka zirudi pembeni, zimamoto wasogee, njia zote mbili za kutulia zibaki tupu.

Sabini ilishuka katika ukimya. Elfu thelathini. Elfu ishirini na sita. Tusekile aliwasomea wote wawili upepo, kila ulipobadilika. Akaona jambo ambalo hakulipenda: milima ya Kondoa. Sabini ikishuka chini zaidi upande ule wa magharibi, mlima ungekaa kati yake na mnara, na mwale haupindi kona.

"Kapteni, ukisubiri robo saa ikamilike utaingia kwenye kivuli cha mlima. Mwale hautakupata."

"Nikigeuka mashariki?"

"Unapoteza kimo."

Kwa mara ya kwanza Luhende alisikika akipumua.

"Nane anahitaji muda gani zaidi?" aliuliza.

Tusekile alitazama betri za Paulina. Zilikuwa hazijafika kiwango. Alifungua mdomo kusema ukweli huo, kwa kuwa alikuwa ameshaamua siku hiyo kuusema kila unapojitokeza, lakini Paulina akamtangulia.

"Inanitosha," Paulina alisema. "Mchukue."

"Nane, hujafika kiwango," Tusekile alisema.

"Najua. Naona kipimo changu. Nimewaambia wauguzi watupe mizigo: maboksi ya barafu, majenereta, mabegi, vyote vinatoka mlangoni sasa hivi. Ndege imekuwa nyepesi, nitafika. Mpeni Sabini mwale wake kabla ya mlima."

Kwa mbali kwenye laini walisikia mlango ulio wazi na upepo, na mwanamke akihesabu kwa nguvu kila wanapotupa.

"Sabini, umesikia?"

"Nimesikia. Paulina, una uhakika?"

"Wewe ulikuwa na uhakika, Kapteni?"

Mzee akacheka. Akaagiza mwale urudi. Mstari wa bluu ukanyanyuka, ukaikamata Sabini ikiwa imebakiza upana wa kidole kwenye ramani kabla ya kivuli, na injini zikawaka moja baada ya nyingine.

Nane ilitua kwanza. Iliingia Dodoma kutoka kaskazini, chini, ikiyumba, mlango wa nyuma ungali wazi, na betri zikaisha ikiwa bado inakimbia kwenye lami. Paulina aliiacha iende yenyewe mpaka pembeni mwa njia. Wauguzi wanane wakashuka, wakakaa kwenye nyasi.

Dakika chache baadaye waliinua vichwa wakaiona ndege kubwa ikija. Ilikuja kimya zaidi ya kawaida, ikagusa mara moja tu, kama mtu anayekaa kitini kwake, ikapunguza mwendo, ikasimama.

Tusekile alivua vipokea sauti. Chumba kizima kilikuwa kimesimama. Watu wa mizigo, wa hali ya hewa, wa ratiba, wote walikuwa wakimtazama, na hakuna aliyejua aanze vipi. Bi Zamaradi ndiye aliyeanza. Alizunguka meza, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akambusu kwenye utosi. Hapo ndipo kelele zilipotoka, za kupiga meza na vigelegele, mpaka mlinzi wa getini akaja kuuliza kuna nini.

Kisha Bi Zamaradi akaketi, akamwandikia Tusekile barua ya kumsimamisha kazi, kwa kuwa sheria ilimtaka afanye hivyo, na chini yake akajiandikia ya kwake.

*

Shauri lilisikilizwa na Mamlaka ya Anga ya Ukanda, mbele ya jopo la watu watatu. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu aitwaye Anselm Rugaimukamu, mtu mtaratibu asiyependa maneno mengi. Ukumbi ulijaa marubani waliovaa sare, na nyuma yao walikaa wauguzi wa Haydom, wanane, mstari mmoja.

Mwenyekiti alimuuliza Tusekile swali ambalo kila mtu alilingoja.

"Ulipofungua laini, ulikuwa na mpango wa kuziokoa ndege zote mbili?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Kapteni Gidamis angetangaza dharura, nini kingetokea?"

"Sabini ingeanguka."

"Na ulilijua hilo."

"Nililijua. Leo ningekuwa mbele yako kwa vifo vya watu mia moja sitini na wanne, na nisingekuwa na la kujitetea. Sisemi nilijua watafanya walichofanya. Sikujua. Nilijua tu kwamba kila mpango ninaoutia sahihi unasema kapteni ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ndege yake. Mtu hawezi kuwa na neno la mwisho juu ya jambo alilofichwa."

"Mtambo ulihesabu kwamba ukimya utaokoa wengi."

"Mtambo ulihesabu sawasawa, Mheshimiwa, kwa yale uliyoruhusiwa kuyahesabu. Haukuruhusiwa kumhesabu Kapteni Luhende akitoa. Wala Kapteni Gidamis akirudisha."

Bi Zamaradi aliitwa baada yake. Waliuliza kwa nini hakukata mawasiliano.

"Nilikuwa na kidole juu ya swichi," alisema. "Nilikiandika kifungu kile nikiwaogopa marubani. Miaka sita nimewapangia kazi watu ambao nilishaamua kwamba siku ya mwisho watakuwa wabaya. Nilipomsikia Paulina akiuliza Sabini ina watu wangapi, kabla ya kuuliza habari za nafsi yake, kidole kilikufa ganzi. Sina maelezo mengine."

Jopo lilikaa faragha kwa muda mrefu. Liliporudi, mwenyekiti alisoma bila kuinua macho. Kwamba Tusekile Mwaipopo alivunja kifungu, na hilo litabaki kwenye kumbukumbu. Kwamba kifungu chenyewe kinafutwa kuanzia siku hiyo, na hakuna rubani katika ukanda wote atakayefichwa hali ya ndege yake. Kwamba marubani wanaogombea mwale mmoja watawekwa kwenye laini moja wasikilizane. Kwamba leseni zote mbili zilizozuiwa, ya mpangasafari na ya mkuu wake, zinarudishwa. Kisha akageuza karatasi.

"Na mwisho," alisoma, "kila ndege ya abiria itabeba tena akiba yake ya nusu saa, bila kujali uzito, bila kujali minara. Minara itabaki kwa ajili ya msaada. Haitakuwa tegemeo."

Akavua miwani. Mmoja wa wauguzi akapiga kigelegele kirefu, cha harusini, na jaji mstaafu Rugaimukamu, aliyesifika kwa kutotabasamu, akaacha kigelegele kile kiishe chenyewe.

Nje, Luhende na Paulina walikuwa wakimsubiri Tusekile kwenye ngazi. Walikuwa wamesikizana kwa masikio miezi mingi, lakini watatu hawa walikuwa hawajawahi kusimama pamoja.

"Nilidhani u mrefu zaidi," Luhende alimwambia Tusekile.

Paulina akaangua kicheko, Tusekile akaangua kilio, na wakakumbatiana wote watatu palepale ngazini, sare zikikunjamana.

*

Ndege ya kwanza kubeba akiba yake yenyewe iliondoka Dodoma kwenda Mwanza asubuhi ya Jumatatu. Tusekile ndiye aliyeipanga. Betri za nusu saa zilikuwa nzito kama alivyotarajia, kwa hiyo safu mbili za mwisho zilibidi ziachwe tupu, na mikanda yake ikafungwa juu ya viti visivyo na mtu.

Alimpigia kapteni kabla hajawasha. Alikuwa kijana ambaye hakumfahamu. Alimsomea upepo, uzito, kiwanja cha kukimbilia, minara iliyo hai na iliyo kwenye matengenezo, na ndege nyingine zitakazokuwa njia moja naye. Kapteni aliuliza maswali mawili. Alijibiwa yote mawili. Wakaweka sahihi.

Ndani ya ndege, mzee mmoja aliyeketi karibu na nyuma alitazama safu zile tupu, akamwita mhudumu. Alitaka kujua kwa nini mjukuu wake aliambiwa ndege imejaa, asubiri ya mchana, na hali viti vipo.

"Hivyo si viti, babu," mhudumu alimwambia. "Hiyo ni nusu saa yetu. Tunakwenda nayo."

Mzee akageuka akavitazama tena, kwa muda. Kisha akafunga mkanda wake, na ndege ikaanza kukimbia, nzito, ikiwa na kila kitu chake, ikainuka.